Wimbo Kwanza, Hotuba Baadaye

Usiku wa Ijumaa, tarehe 17 Machi 2017, Paul Makonda, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, aliingia katika ofisi za kituo cha Clouds kule Mikocheni akiwa na askari wenye silaha. Picha za kamera za ulinzi zilizagaa nchi nzima baada ya siku chache. Kwa maelezo ya uongozi wa kituo, ambayo kamati iliyoundwa na Waziri wa Habari, Nape Nnauye, iliyafuatilia, ugomvi ulikuwa juu ya video iliyomhusu Askofu Josephat Gwajima wa kanisa la Ufufuo na Uzima. Watayarishaji waligoma kuirusha kwa kuwa upande wa pili haukuwa umesikilizwa. Kamati ilikabidhi ripoti yake tarehe 22. Tarehe 23 Nape hakuwa waziri tena.

Mengi yameandikwa kuhusu bunduki za usiku ule. Mimi ninakitazama kipindi. Video ile haikutakiwa itoke kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Ilitakiwa itoke kwenye Shilawadu, kipindi cha umbea wa mastaa. Askofu, mkuu wa mkoa na kipindi cha umbea wakajikuta katika kesi moja, na hakuna mtu mjini aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Shilawadu ndiko walikokuwa watazamaji. Miaka mitatu baadaye Gwajima akawa mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, na Juni 2025, baada ya kuzungumza hadharani juu ya watu kutekwa, kanisa lake likafutiwa usajili. Anayetaka kupanga kisa hiki kwenye kabati la dini, la siasa au la burudani atahangaika sana.

Darasani hufundishwa kwamba kazi ya utangazaji ni kuhabarisha, kuelimisha na kuburudisha. Mgawanyo huo unamsaidia mpanga ratiba. Msikilizaji hana habari nao. Yeye ana redio moja, na hiyo hiyo humwamsha kwa Kurani au kwaya, ikampa taarifa ya habari, ikamchekesha mchana na kumtangazia mpira jioni. Ninachodai ni kwamba mamlaka ya kituo hujengwa katika saa ambazo hakuna anayewaza mamlaka: saa za salamu, za nyimbo, za matangazo ya vifo, za mpira na za umbea. Mhubiri na mwanasiasa huja baadaye kutumia akiba ambayo hawakuiweka wao. Na hata akiba hiyo hainunui kitu mpaka pawepo watu mtaani walio tayari kuitikia.

Waliokua enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) wanalijua hili bila kusimuliwa. Kijijini redio ilivalishwa koti la ngozi na kutundikwa msumarini. Betri zikichoka zilianikwa juani, au mtu akazing'ata kwa meno, ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Kwa kuwa betri zilikuwa ghali, redio haikuachwa iropoke kutwa nzima. Ilikuwa na saa zake za kufunguliwa, na mara nyingi saa hizo zilifuata matangazo ya vifo. Kabla ya simu za mkononi, msiba wa Tabora ulimfikia ndugu aliyeko Mtwara kwa njia hiyo: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, mazishi kesho saa kumi jioni, habari ziwafikie wafuatao popote pale walipo. Kisha yanasomwa majina, moja baada ya jingine, na vijiji vyao. Hakuna aliyethubutu kuongea majina yakisomwa, na mtoto aliyecheka alikula kofi. Baada ya majina ukaja muziki, na baada ya muziki taarifa ya habari yenye hotuba ya Mwalimu Nyerere ndani yake. Serikali ilisikilizwa na watu waliokuwa wamekwisha nyamaza kwa sababu nyingine kabisa.

Kadi za salamu zilifanya kazi hiyo hiyo upande wa furaha. Mtu alinunua kadi, akajaza jina lake na majina ya anaowasalimu, akachagua wimbo, akaitia posta na kusubiri wiki kadhaa alisikie jina lake likitoka Dar es Salaam au Nairobi. Wapo waliojulikana nchi nzima kwa kutuma salamu tu, bila kuwa wanamuziki wala wanasiasa. Kule Kenya walikwenda mbali zaidi, wakaunda vilabu vya salamu. Mpiga kura ambaye hajawahi kumwona mbunge wake anaweza kukutajia watu watatu wa mikoa ya mbali anaowafahamu kwa kadi zao. Huu ndio udongo ambao kila kitu kingine kimeoteshwa.

Wakubwa waliligundua jambo hili mapema. Nairobi ilikuwa na matangazo tangu 1928, lakini yalilengwa hasa kwa walowezi. Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam zote zilianza 1951, kwa mitambo midogo. Halafu mwaka 1954 Cairo ikaanza kusema Kiswahili. Serikali ya Misri iliwatumia watangazaji kama Ahmed Rashad Ali, Mzanzibari, kuushambulia ukoloni wa Mwingereza mchana kweupe, na wazee wa vijiweni Unguja, Mombasa na Tanga wakawa na lao la kuzungumza penye kahawa. Lakini tusisahau kilichotangulia. Wapiga taarabu wa Unguja walikuwa wameelekeza masikio Cairo miaka mingi kabla ya siasa hizo; tangu zama za Sultani Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza ala, Cairo ilikuwa ndiyo shule ya muziki. Nyimbo za Misri zilinaswa redioni, zikaigwa, zikatiwa maneno ya Kiswahili. Siasa ilipokuja kwenye mawimbi yale ilikuta mlango umeshafunguliwa.

Waingereza walijibu kwa lugha ile ile. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, mwaka uliofuata mgogoro wa Suez. Peking ikafuata 1961, Sauti ya Amerika 1962, Ujerumani Magharibi 1963. Katika miaka sita hivi, lugha iliyodharauliwa na walowezi kuwa ni ya jikoni ilikuwa inagombewa na mataifa makubwa. Dar es Salaam nayo ilipopata uhuru wake haikukaa kusikiliza tu: mitambo yake iliazimwa kwa wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO, ANC na SWAPO, wakawa wanasema na watu wao kutoka Tanzania.

Mwenye kutaka kuona uzito wa sauti inayojulikana aziweke asubuhi mbili pamoja.

Ya kwanza ni ya Jumapili, 12 Januari 1964. Waasi walipoiteka Sauti ya Unguja pale Raha Leo, aliyesikika ni John Okello, mtu kutoka Uganda, mwenye Kiswahili cha lafudhi ngeni, akijiita Field Marshal na kutoa vitisho vya kuua vilivyowafanya watu wafunge milango. Nusu ya hofu ya siku zile ilitokana na swali moja: huyu ni nani? Hakuna aliyewahi kumsikia akitangaza mpira au kusoma salamu. Sauti yake ilitosha kutisha, kutawala haikutosha. Kabla ya miezi mitatu kwisha Okello alikuwa amezuiwa kurudi visiwani, na waliobaki na madaraka ni wale waliokuwa na chama, matawi na watu.

Ya pili ni Jumapili nyingine, 1 Agosti 1982, Nairobi. Askari wa jeshi la anga walioipindua, au waliodhani wameipindua, serikali ya Moi, hawakuridhika kuiteka Sauti ya Kenya tu. Walimfuata nyumbani Leonard Mambo Mbotela wakampeleka studio atangaze yeye. Kwa nini yeye? Kwa sababu tangu 1966 alikuwa akiwauliza Wakenya, Je, Huu ni Ungwana?, akichambua adabu za kwenye basi, za mezani na za harusini. Na kwa sababu ni yeye aliyewatangazia mpira mpaka maneno "Kadenge na mpira" yakawa msemo wa nchi. Askari walielewa jambo ambalo maprofesa wengi hawalielewi: tangazo la mapinduzi linaaminika likitoka kwa mtu aliyekufundisha namna ya kula ugenini. Saa chache baadaye wanajeshi watiifu walipokikomboa kituo, waliofuata kumtaka atangaze ni wao, kwamba serikali ya Nyayo, yaani ya Moi, ingalipo. Mdomo ule ule, siku ile ile.

Mbotela alifariki Februari 2025. Miezi mitatu baadaye akafariki Charles Hilary, ambaye safari yake inasema jambo hilo hilo kwa utulivu zaidi: mpira na nyimbo za Radio Tanzania, kisha BBC na Deutsche Welle, kisha Azam, na mwisho msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Serikali haikutafuta mtu wa siasa ikamfundisha kusema. Ilimchukua aliyekwisha aminiwa.

Muziki una hesabu yake. Kwa miaka mingi Tanzania Bara haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na studio ya maana ilikuwa moja, ya RTD, Barabara ya Pugu. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Vijana Jazz, Mlimani Park: bendi ilirekodi pale, kamati ikayapitia mashairi, mwanamuziki akalipwa kidogo, na wimbo ukabaki mali ya redio. Kwa mwanamuziki ulikuwa ni unyonyaji, sina neno jingine. Kwa nchi ulikuwa ndio mwanzo wa watu wa Songea na wa Musoma kuimba wimbo mmoja wiki moja. Novemba 1978 Nyerere alipotangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Idi Amin vipo, hotuba ile haikuanguka kwenye ukimya. Ilipokewa na bendi, na kwa miezi iliyofuata nyimbo za vita zilipigwa kutwa, mpaka hata asiyesikia hotuba aliijua kwa wimbo.

Rais mwingine aliutumia mkono huo huo kwa namna ya ajabu kidogo. Machi 2017, siku chache tu baada ya Nape kuondolewa, mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, na baraza la sanaa likaufungia. Kesho yake Rais Magufuli akaagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri uongezewe wengine wa kutajwa. Vijana walishangilia. Mimi nilijiuliza kitu kimoja: kama Ikulu ndiyo inayopanga nyimbo za kupigwa redioni, je, ni nani anayepanga nyimbo za kutopigwa?

Sasa upande wa pili wa hoja, ambao wanaoiogopa redio na wanaoitukuza wote huuruka. Sauti pekee haifanyi kazi.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu wazima milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12, wakizungumzia malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu. Wageni waliokuja kujifunza waliondoka wakiisifu redio, na nadhani walikisifu chombo wakamsahau mtu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, kijitabu mkononi, na balozi wa nyumba kumi aliyejua nani hakuchimba. Kipindi kilidumu dakika chache. Mazungumzo baada ya kipindi, na jembe baada ya mazungumzo, ndivyo vilivyochimba choo.

Miaka 20 baadaye RTD ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, na safari hii mambo yakapimwa vizuri. Tangu 1993 mchezo ulisikika nchi nzima isipokuwa eneo la mtambo wa Dodoma, lililowekewa kipindi kingine mpaka 1995 ili watafiti walinganishe. Mhusika aliyewashika watu hakuwa daktari wala mwalimu. Alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mpenda wanawake, anayesafiri na kurudi, akimwacha mkewe Tunu na watoto, hadi anapougua UKIMWI. Watu walimcheka, wakamtukana, wakamfananisha na shemeji zao. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale mchezo uliposikika, na Dodoma nayo ikapanda ilipofikiwa. Watafiti waliona kwamba njia ya mabadiliko ilipita kwenye mazungumzo: mke alipata pa kuanzia. Kumwambia mumewe "wewe unakuwa Mkwaju sasa" kulikuwa rahisi kuliko kumwambia alichokijua.

Kanuni hiyo hiyo iligeuzwa ikawa kisu huko Rwanda. Kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo Julai 1993. Redio ya taifa ilikuwa kavu, ya hotuba na itifaki. RTLM ikaja na muziki wa Zaire, utani, watangazaji walioongea kama vijana wa baa, na wasikilizaji waliopiga simu hewani. Kwa miezi ya kwanza wengi waliifungulia kwa ajili ya rumba. Chuki ilikuwa ndani, lakini ilikuja imekaa baina ya nyimbo mbili, kwa kicheko. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza, sauti zilezile zilizozoeleka ndizo zilizosoma majina ya watu na mahali walipojificha. Wanaoamini kwamba burudani ni sehemu ya kituo isiyo na hatari wausome tena mwaka ule.

Kesi ilisikilizwa Arusha. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ikafuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo. Iliyonifikirisha zaidi ni kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi. Mahakama iliona kwamba baadhi ya nyimbo zake zilichochea chuki ya kikabila, lakini haikuthibitika kwamba ndiye aliyezirusha hewani mwaka 1994. Alifungwa miaka 15, mwaka 2008, kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye gari, akipita barabarani na kuwauliza watu ana kwa ana kama kazi imekamilika.

Gari lile na kipaza sauti chake linaingia moja kwa moja kwenye mabishano ya wataalamu. Scott Straus, aliyewahoji wafungwa walioua, alikuta wengi wao hawakusema redio ndiyo iliyowatoa nyumbani. Walitolewa na jirani, kiongozi wa kata, kundi lililogonga mlango. David Yanagizawa-Drott akaja na njia nyingine: kwa kuwa Rwanda ni nchi ya milima, vijiji viwili jirani huweza kutofautiana, kimoja kikapata mawimbi na kingine kikazibwa na kilima. Alipolinganisha akakadiria kwamba RTLM ilichangia takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji. Wapo wanaoona tarakimu hiyo ndogo, na wapo wanaoiona ya kutisha. Mimi nipo na wa pili, maana asilimia 10 ya uhalifu ule ni makumi ya maelfu ya wauaji. Lakini ukiwasoma wote wawili pamoja, picha inalingana na ile ya vyoo vya 1973: redio inahitaji mgongaji mlango. Tofauti ni mlango unagongwa kwa jambo gani.

Wanyarwanda wenyewe hawakuacha chombo. Tangu 2004 mchezo wa redio wa Musekeweya, juu ya vijiji viwili vinavyochukiana, umekuwa ukisikilizwa huko, na Burundi walikuwa wametangulia na michezo ya Studio Ijambo tangu miaka ya 1990. Dawa imetafutwa kwenye kile kile kilichobeba sumu, hadithi na utani.

Dini imechelewa katika maelezo yangu, ingawa hewani haikuchelewa. Mwaka 1963 Walutheri walifungua Radio Voice of the Gospel mjini Addis Ababa, mbele ya Mfalme Haile Selassie, yenye nguvu za kufika Afrika na Asia. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili. Machi 1977 wanajeshi wa Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia, wakaitwaa mitambo, na nguzo zilizokuwa zikipeleka Injili zikaanza kupeleka mapinduzi. Kanisa lilijenga, serikali ikahamia.

Kwa Tanzania Bara, dini ilikuwa na nafasi yake kwa kipimo kwenye redio ya serikali, mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua milango. Radio Tumaini ya Wakatoliki ikaanza Dar es Salaam 1994, zikafuata Radio Maria, Upendo, Wapo, Imaan ya Morogoro na nyingine nyingi. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba mahubiri ni sehemu ndogo ya kinachowashikilia watu. Kwa Waislamu, Ramadhani ndiyo inayoonyesha hili. Tende zipo mkononi, uji umepozwa, na hakuna anayetia kitu kinywani mpaka adhana ya Magharibi isikike redioni, hata kama jua limeonekana likizama. Na usiku wa kuangalia mwezi ndio kabisa. Zamani tangazo moja la Mufti au Kadhi lilimaliza shauri. Zilipoingia dishi za setilaiti, mwezi wa Makka ukawa unafika sebuleni kabla ya ule wa Pemba, na nyumba moja ikaweza kuwa na waliofunga na waliokula, baba na mwana, kila mmoja na kituo chake. Ubishi wa kifikihi ulikuwepo miaka yote; kilichobadilika ni kwamba sasa kila upande una sauti ya kuufuata.

Kwa upande wa makanisa ya uamsho, televisheni imebadili sura ya ibada kuliko redio. Muujiza huhitaji kamera. Namba ya simu ya kutumia sadaka hupita chini ya kioo, mtazamaji wa Mbeya huambiwa apande mbegu, aweke mkono juu ya televisheni, aagize mafuta ya upako. Saa hiyo hewani imelipiwa kama tangazo la sabuni, ila tangazo la sabuni linaweza kushtakiwa likidanganya. Paul Mackenzie, mhubiri anayeshtakiwa kwa vifo vya msitu wa Shakahola kule Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, aliwahi kuwa na kituo chake cha televisheni cha kurushia mahubiri. Lakini hata hapo, sinema ya RTLM inajirudia kwa sehemu: waliokwenda msituni walikwenda kwa kufuata watu, ndugu kwa ndugu, familia kwa familia. Kioo kilikusanya, miguu ilipelekwa na mkono wa jirani.

Wadhibiti hushughulika na maneno. Februari 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilivifungia vituo viwili kwa miezi 6 kila kimoja: Radio Imaan, kwa vipindi vilivyohamasisha Waislamu kugomea sensa ya Agosti 2012, na Kwa Neema FM ya Mwanza, kwa mjadala wa nani achinje nyama, wakati ambapo Kanda ya Ziwa ilikuwa imekwisha mwaga damu na mchungaji kuuawa Buseresere. Kituo kimoja cha Kiislamu, kimoja cha Kikristo, adhabu sawasawa. Mizani ilipendeza machoni. Kenya nayo, tarehe 30 Januari 2018, ilizima Citizen, NTV na KTN kwa kuonyesha Raila Odinga akiapishwa Uhuru Park, na amri ya mahakama ya kuvirudisha hewani ikakaa siku kadhaa bila kutiiwa kikamilifu. Sitetei kila kilichosemwa Morogoro au Mwanza. Nasema kwamba anayefungia neno anashika mwisho wa kamba.

Mwanzo wake ni umiliki wa saa. Familia ya Moi imehusishwa kwa miaka na Standard na KTN yake, ya Kenyatta na Mediamax yenye K24 na Kameme. Kwa Tanzania, Star TV na Radio Free Africa ni za Antony Diallo, aliyekuwa mbunge, waziri na mwenyekiti wa CCM mkoa wa Mwanza. Uhuru FM ni ya chama chenyewe. Wengi wa wamiliki hawa hawahitaji kumwagiza mhariri aandike nini. Inatosha kwamba kipindi cha asubuhi chenye vichekesho, kile kinachosikilizwa kwenye kila daladala na matatu, kisimwalike fulani, au kimwalike mpinzani wake acheke na watangazaji nusu saa bila swali lolote gumu. Jalang'o alitoka kwenye vipindi vya namna hiyo akaenda bungeni kwa kura za Lang'ata, 2022. Professor Jay alikuwa ametangulia Mikumi, 2015, kwa njia ya muziki. Hakuna ubaya mtu wa burudani kugombea. Inanishangaza tu kwamba saa za mjadala wa wagombea huhesabiwa kwa sekunde ili pande ziwe sawa, na saa hizi za kicheko hazihesabiwi na yeyote.

Simu imelegeza mengi. Mhubiri hahitaji tena kununua nusu saa ya Jumapili, kijana wa Temeke ana televisheni ya mtandaoni chumbani kwake, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wa namna yake walipie leseni, wengi wakaacha. Lakini sioni kwamba simu imeirithi redio kwa kila kitu. Machi 2021, kwa wiki mbili na zaidi, simu za Watanzania zilijaa uvumi juu ya afya ya Rais Magufuli: yuko Nairobi, yuko India, mzima, hayupo. Kila mtu alikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu anayemjua mtu. Usiku wa tarehe 17 Samia Suluhu Hassan akatokea TBC, shirika la utangazaji la taifa lililoirithi RTD, na kwa dakika chache mjadala ukaisha, hata kwa waliokuwa hawajaifungulia TBC miezi mingi.

Imani ile hakuinunua yeyote wiki ile. Iliwekwa miaka ya nyuma na wasoma vifo, watangaza mpira na kadi za salamu, katika shirika ambalo leo vijana wengi huliona la wazee na kwenda kutafuta burudani kwingine. Adhabu zote nilizozitaja, za Dar es Salaam na za Nairobi, zilitolewa kwa jambo lililokwisha kwenda hewani. Hakuna hata moja iliyouliza ni nani aliyewakusanya wasikilizaji wale, kwa wimbo gani, na nani alilipia saa iliyofuata.